Bei ya Jumapili

Dalali hasemi uongo. Dalali huchagua siku. Huyu wetu, ambaye mji mzima ulimwita Dakika hata mama mkwe wake akasahau jina alilopewa na wazazi, alichagua Jumapili. Jumapili saa nne asubuhi, wenye magari wakiwa bado wanajinyoosha vitandani, yeye ameshaosha gari, amepuliza manukato kwenye viti na amempakia mteja mbele. Wakifika kwenye mzunguko wa katikati ya mji humkabidhi mteja simu yenye saa ya kuhesabu. "Bonyeza wewe mwenyewe," humwambia, "usije kusema kesho nilikuibia." Mteja hubonyeza. Gari huteleza, hupita darajani bila kugusa breki, hupanda kilima, na mbele ya nyumba mpya zenye mabati ya rangi mteja hubonyeza tena na kupiga kelele kwa mdomo wake mwenyewe: dakika thelathini na tano! Hapo dalali aongeze nini? Nyumba hujiuza.

Kwamba daraja lile ni jembamba, la magari mawili kupishana kwa adabu. Kwamba siku ya kazi watu wa ng'ambo hupanga foleni kabla jogoo hajasafisha koo. Hilo simu haikuulizwa. Na Dakika si mtu wa kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Alhamisi moja, saa sita mchana, alikuwa amejilaza kwenye kiti cha wateja katika saluni ya mkewe, chumba cha mbele cha nyumba yao ya kupanga, akipigiwa kelele atoke maana kiti si kitanda. Mlango ukafunguliwa, akaingia mdogo wake wa kike. Mkononi alishika koti lake jeupe la maabara, limekunjwa kama shuka la mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani.

"Sindano!" Dakika akachangamka. "Vipi, damu za watu zimekwisha leo?"

Hakucheka. Walimwita Sindano kwa sababu alikuwa akiwatoa wagonjwa damu katika kituo cha afya kilicho nyuma ya soko, hatua mia tatu kutoka saluni ile, na kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi hata watoto walikuwa wakiuliza "bado?" wakati bomba limeshajaa.

"Mtu ameanguka," alisema.

"Wapi?"

"Kwenye benchi langu."

Mke wa Dakika aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa nusu kimesimama. "Wifi, kaa kwanza. Wewe, ondoka hapo kwenye kiti!"

Sindano akakaa. Alieleza akitazama kioo, kama anayejisomea mashtaka. Ni mzee wa sukari, huja kila mwezi kupimwa. Aliambiwa asile kitu tangu usiku, afike saa moja asubuhi maabara inapofunguliwa. Akafika saa moja kasoro. Kwa uaminifu wake akameza na vidonge vyake kabisa, akijua atatolewa damu upesi akanywe chai. Maabara haikufunguliwa saa moja. Aliye na ufunguo alikuwa darajani, nyuma ya lori lililozimika, na alifika saa mbili na robo.

"Yuko hai?"

"Wamemtundikia maji. Jino la mbele limetoka." Akalikunja koti upya. "Kaka, ameniomba radhi. Yeye! Eti nimsamehe kwa kuniharibia asubuhi yangu."

Dakika alitafuta mzaha mfukoni mwa akili yake, akakuta mfuko umetoboka. "Sasa wewe uliondoka nyumbani saa ngapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kosa limwangukie mwingine.

"Saa kumi na nusu alfajiri. Ulitaka niondoke saa ngapi, jana?"

Mteja aliyesukwa nusu akaguna. Mke wa Dakika alimtazama tu mumewe, chanuo mkononi, mtazamo ule wa kumchana mtu bila kumgusa.

Barua ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Ya tatu na ya mwisho. Msimamizi wa kituo aliandika kwa upole wa watu wenye mihuri: akichelewa tena mara moja, kazi basi. Na kazi ndiyo ilikuwa inashikilia kila kitu, maana nyumba ya ng'ambo ilinunuliwa kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara, miaka kumi na mitano, na ni miwili tu iliyokwisha. Mshahara ukikatika, mwenye mkopo anachukua nyumba. Akipanga chumba mjini ili awahi, na huku anakatwa, yeye na mumewe watakula hilo koti.

"Iuzwe," alisema Sindano. "Kabla ya mwisho wa mwezi. Uliniuzia wewe, utaniuzia wewe."

Ilikuwa kweli. Miaka miwili nyuma, Jumapili kama Jumapili, Sindano alikaa kiti cha mbele na simu mapajani, akicheka kama mtoto anayechungulia zawadi. Alipobonyeza mara ya pili alipiga kelele kuliko wateja wote: "Thelathini na nne na nusu, kaka!" Mwenye nyumba alikuwa amemwahidi Dakika udalali mara mbili kwa ile nyumba ya mwisho mwisho. Foleni ilikuwepo tayari. Dakika aliijua foleni ile kama anavyojua mifuko yake. Alijiambia kuwa daraja la pili linakuja, si nguzo mbili zimeshasimama mtoni? Na kweli nguzo zilisimama. Zingali zimesimama mpaka leo, mbili tu, kama watu waliofika mahali wakasahau walichofuata.

*

Jumamosi alikwenda ng'ambo kuitazama nyumba kwa jicho la muuzaji. Kila ukuta wa tano ulikuwa umepakwa neno INAUZWA kwa rangi nyekundu, wengine wakaongeza HARAKA, mmoja akaandika MAELEWANO YAPO halafu akarudi kuongeza MENGI. Dakika akaendesha polepole akiinamisha kichwa. Nusu ya hizo nyumba aliziuza yeye.

Mume wa Sindano alikuwa nje ya karakana yake kando ya barabara, miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, akichomelea dirisha la nondo. Biashara yake tu ndiyo iliyostawi pale: watu wasiokuwepo nyumbani toka giza hadi giza hununua nondo nyingi.

"Aa, shemeji!" akaita. "Umepotea njia au umepotea siku? Leo Jumamosi."

"Nimekuja kuona nyumba."

"Ione vizuri. Sisi wenyewe hatujaiona mchana, isipokuwa mimi. Mke wangu anaijua kwa kuipapasa."

Alisema akicheka, na Dakika akacheka naye, lakini kicheko chake kilitangulia kufa. Afadhali angetukanwa. Shemeji mwenye hasira unamjibu; shemeji mwenye mzaha unamlipa nini?

Walikaa sebuleni watatu. Nyumba ilinunuliwa kwa milioni sitini. Mkopo uliobaki, arobaini na nane. Jirani wa kulia ametaka arobaini na tano, amekaa miezi minne bila hata mtu wa kuomba maji ya kunywa. Dakika alikuwa amepata mtu mmoja, mstaafu, hana haja ya kwenda mjini wala haulizi habari za daraja. Anataka mahali pa kufugia kuku. Ametaja thelathini na tano.

"Thelathini na tano," Sindano akarudia. "Kwa hiyo nitoke ndani ya nyumba, nimwachie kuku, halafu niendelee kulipia miaka mitatu na zaidi nyumba ya kuku."

"Huyo ndiye mtu ambaye nyumba hii haitamuumiza, mdogo wangu. Nimetafuta siku mbili mfululizo—"

"Nani amekwambia utafute mtu ambaye haitamuumiza?"

Shemeji akajikohoza. Sindano alikuwa na kawaida ya kuongea taratibu kadiri hasira inavyopanda. Ndiyo sauti aliyotumia kuwaambia watoto wakunje ngumi.

"Lete watu Jumapili," alisema. "Kama unavyoleta."

"Ile kazi nimeiacha." Ilikuwa kweli pia. Tangu Alhamisi hakuwa amempakia mtu.

"Umeiacha lini, juzi? Yaani umeuza mtaa mzima, dhambi yako ikafika kwangu ndiyo ukaokoka?"

"Hao nao ni watoto wa watu."

"Na mimi nilipoletwa Jumapili nilikuwa mtoto wa nani, kaka? Si wa mama yako?"

Dakika alitazama sakafu, akaona vigae vilivyomeremeta, vigae vya nyumba isiyokanyagwa. Sindano akasimama, akachukua glasi zao, akasema akielekea jikoni, "Nitapiga deki na kufua mapazia. Saa tano kasoro mtakuwa mmefika. Thelathini na tano, sivyo?"

*

Walipatikana. Hupatikana siku zote. Mji una watu wengi wanaolala na mama mkwe chumba cha pili. Kijana alikuwa karani wa ghala, mkewe mwalimu wa chekechea, mjamzito wa miezi saba, na ndiye aliyeshika simu. Dakika alijaribu kujichelewesha. Alisimama kumpisha mbwa aliyekuwa hana nia ya kuvuka. Alijaza mafuta wakati tangi limejaa nusu. Lakini Jumapili haina hiana, barabara ilimsukuma mgongoni kama inamjua, na yule mama akabonyeza na kusema, "Thelathini na saba!" na mumewe akampigia makofi.

Sindano aliwapokea mlangoni akiwa amevaa kitenge kipya. Mapazia yalinukia sabuni. Jikoni aliweka balbu ya mwanga mweupe. Aliwatembeza chumba hadi chumba, na katika kile chumba kidogo alisema, "Hiki tulikiweka kwa ajili ya mtoto," kisha akafunga mdomo, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli na halikuwa kwenye mpango. Tangu wahamie, alikuwa akirudi na kuanguka kitandani kama gunia. Mtoto angetokea saa ngapi?

Mwalimu aligusa ukuta. Akapima kwa mikono mahali pa kitanda. Wakafika arobaini na tisa bila kuvutana, na kijana akasema pesa za mwanzo, mchango wa wazazi wa pande zote mbili, atazileta Jumanne. Dakika akahisi kama mtu anayetazama gari likirudi nyuma kuelekea shimoni na mdomo wake umejaa chakula.

Walipofika kizingitini mwalimu akageuka. Akamshika Sindano mkono, kama wanawake washikanavyo wanapotaka kutoka kwenye biashara kidogo waingie kwenye udugu.

"Dada, niambie wewe, maana dalali ni dalali. Unafanya kazi mjini. Mimi lazima nifungue darasa saa moja, wazazi wanawaacha watoto mlangoni, siwezi kuchelewa. Siku za kazi ni muda gani?"

Shemeji ghafla akakumbuka kuwa geti lina hitilafu, akaenda kulitazama. Geti alilichomelea mwenyewe na halikuwa na hitilafu yoyote.

Sindano akatabasamu. "Thelathini na tano," alisema. "Ukizembea sana, arobaini. Mimi mwenyewe napita kila siku."

Alisema vizuri. Alisema kwa ile sauti laini inayopanda kidogo mwishoni, na kwa mkono mmoja ukionyesha barabara kana kwamba barabara ni shahidi. Dakika aliijua sauti hiyo, aliufahamu na mkono. Vilikuwa vyake. Msichana huyu, utotoni, aliwahi kurudi dukani peke yake jua likitua kurudisha chenji iliyozidi, na yeye Dakika akamcheka njia nzima. Sasa alisimama mlangoni pake na kuuza kama kaka yake, tena bila kupepesa macho.

*

Walipokuwa wakirudi, mwalimu alikaa mbele tena. Alikuwa ameshaanza kuzipanga sufuria. Dakika aliendesha hadi mwanzo wa daraja, peupe, hakuna hata baiskeli, akasimamisha gari.

"Kuna nini?" akauliza kijana kutoka nyuma.

"Hapa ndipo foleni inapoishia saa kumi alfajiri," alisema Dakika. "Yaani mkia wake. Ikifika saa kumi na mbili mkia uko kule juu, kwenye lile duka la rangi. Kuvuka ni saa mbili nzima. Lori likizimika, saa tatu, tatu na nusu."

Maji ya mto yalisikika chini.

"Dada yule amesema thelathini na tano," mwalimu akasema taratibu.

"Amesema kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kusema. Yeye huondoka saa kumi na nusu na bado anachelewa. Alhamisi iliyopita mgonjwa wake alianguka akimsubiri. Msimlaumu, tafadhali."

"Nyumba aliuziwa na nani?"

Dakika alishika usukani kwa mikono miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. "Na mimi."

"Mnajuana naye tangu lini?"

"Ni mdogo wangu. Tumbo moja."

Mwalimu aliirudisha simu juu ya dashibodi, akaiweka kifudifudi. Akafungua mlango, akashuka polepole kwa uzito wa tumbo lake. Mumewe alishuka akaliinamia dirisha, uso umemvimba. "Tumbo moja," alisema. "Sisi basi ungetufanyaje?" Wakaanza kuvuka daraja kwa miguu. Dakika akawafuata kwa gari mwendo wa konokono, akiwasihi wapande, jua kali, mama ni mzito. Hawakugeuka. Walishikana mikono na kutembea hadi ng'ambo ya pili, na yeye nyuma yao kama msindikizaji wa maiti.

Aligeuza gari akarudi kwa Sindano saa ile ile, maana alijua akifika kwake hatatoka tena. Alimkuta ameshavua kitenge kipya, amekaa jikoni na mumewe, wanacheka kitu. Alieleza amesimama.

Sindano alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe ukweli unao," alisema. "Ulikuwa umeuweka wapi, kaka? Miaka miwili iliyopita kwenye gari lile lile, uliukalia?"

"Nisamehe."

"Ukweli wako wa kwanza tangu uote ndevu. Na umeona mtu wa kuulipia ni mimi. Uongo wako nimelipa mimi, na ukweli wako nilipe mimi. Wewe unalipa lini?"

Shemeji hakuwa na mzaha. Hilo ndilo lililomtia Dakika baridi. Alikuwa mtu wa mzaha hata msibani.

Ndipo akasema jambo ambalo hakuwa amelifikiri hata kwa dakika hizo thelathini na tano zake. "Hamieni kwangu. Chukueni ile nyumba ya kupanga, kituoni utatembea kwa miguu. Kodi nitaendelea kulipa mimi. Sisi tutakuja huku."

"Na wifi amekubali?"

"Amekubali," akasema Dakika. Desturi ni kama sheria.

*

"Umeshawaambia?" aliuliza mke wa Dakika. Alikuwa anafagia nywele za siku nzima, na fagio lilisimama.

"Nimewaambia."

"Kwa hiyo hapa hukuja kuniuliza. Umekuja kunitangazia."

"Mke wangu, ungemwona alivyosema ule uongo..."

"Niliolewa na dalali, sikuolewa na daraja." Alifagia tena, mara tatu kwa nguvu. "Saluni hii nimeifungua kwa mikono yangu. Maneno yako matamu hayakuniletea hata kioo. Wateja wangu wako hapa, kiti changu kiko hapa."

"Chumba cha mbele kitabaki chako. Wao watalala ndani."

"Na mimi nitafikaje humu saa mbili asubuhi?"

Dakika alijua, na mkewe alijua kwamba anajua.

Mkewe alizoa nywele kwenye kibao, akazimimina kwenye ndoo. Alikuwa mwanamke wa kukasirika upesi na kuamua upesi, na kati ya hayo mawili hakuna aliyewahi kupita. "Wifi yangu ana haki," alisema hatimaye. "Ningekataa kwa ajili yako, kwa ajili yake siwezi. Ila sikiliza. Utanipeleka na kunirudisha kila siku. Sitapanda basi. Na nitakaa kiti cha mbele, niione sura yako njia nzima."

Walibadilishana Jumamosi iliyofuata. Vyombo vya Sindano vilishuka, vya Dakika vikapanda, na mahali fulani darajani kitanda kilikutana na kitanda. Shemeji alifurahi kupita kiasi alipogundua kuwa yeye atakwenda karakana asubuhi huku foleni ikija mjini, barabara yote ya kwake peke yake. "Nitawapungia mkono, shemeji," alisema. Sindano alimkabidhi kaka yake funguo. Hakumkumbatia, wala hakumtukana.

"Bomba la bafuni linavuja," alimwambia. "Weka ndoo." Akaenda zake kumtembelea yule mzee wa sukari, ambaye alikuwa anatafutiwa jino.

*

Jumatatu waliondoka saa kumi na moja alfajiri. Dakika alidhani amewahi. Mkia wa foleni ulikuwa umeshafika duka la rangi.

Akakaa nyuma ya taa nyekundu za watu, injini inanguruma, mkewe kando na mfuko wa machanuo mapajani, anamtazama kama alivyoahidi. Kulipoanza kupambazuka nyuso zikaonekana madirishani, na Dakika akaanza kuzitambua moja moja. Yule ni wa nyumba ya kona. Yule ni wa bati la kijani, mwalimu wa hesabu, aliyehesabu mwenyewe kwenye simu na kusema hesabu haidanganyi. Yule mama wa duka la viatu alisinzia, shavu limebanwa kwenye kioo. Dakika alijaribu kuteremka kwenye kiti hadi usukani ukamfika puani.

Ngumi ikagonga dirisha. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Dakika! Ni wewe?" Akageuka nyuma. "Jamani, njooni muone! Dakika yuko kwenye foleni!"

Habari ilipita gari hadi gari. Milango ikafunguliwa, vichwa vikatoka. Mtu akauliza kwa sauti ni nani amemuuzia, apewe kamisheni. Mwingine akasema Jumapili imekuja Jumatatu. Kicheko kilikwenda mpaka darajani na kurudi, na Dakika, mtani wa mji mzima, alisubiri kitakachofuata: mate, au jiwe, au kuombwa pesa zao. Alikuwa tayari. Karibu alitamani.

"Zima gari," alisema mwalimu wa hesabu.

"Eh?"

"Zima injini, ndugu yangu. Ukiiacha inanguruma hivi mafuta yatakwisha hujaona hata nguzo. Sisi huku tunazima. Mstari ukisogea tunasukuma."

Mstari ulisogea. Mwalimu wa hesabu alikwenda nyuma ya gari la Dakika, na yule wa nyumba ya kona akaongozana naye, suti na viatu vya ngozi, wakaweka mabega. "Wewe shika usukani tu," wakamwambia. "Mgeni hasukumi siku ya kwanza." Gari likatambaa bila sauti. Yule mama wa viatu alikuwa ameamka. Akapitisha dirishani kifuniko cha chupa chenye chai ya moto, akasema wanywe, hapa ni saa nzima bado, na asubuhi bila kitu tumboni ni hatari.

Dakika alishika kifuniko. Akapiga funda moja, akampa mkewe. Kwenye kioo cha kati aliona migongo ya watu wawili imeinama nyuma ya gari lake, wakipumua kwa nguvu, wakitaniana wao kwa wao habari za mpira.

"Shuka," mkewe alisema.

"Wamesema mgeni—"

"Wewe si mgeni. Shuka, nipe usukani."

Akashuka. Hewa ya mtoni ilikuwa baridi. Alipita nyuma, wale wawili wakajibana kumpa nafasi katikati bila kuuliza, akaweka viganja kwenye bati lenye umande, na alipofungua mdomo kuwaomba radhi, mwalimu wa hesabu akasema, "Haya, inasogea," wakasukuma.